Homa Inayochagua

Mahabusu wa tatu alikata roho asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, na mpaka Inspekta anafika langoni gereza zima lilikuwa linapiga sahani. Bati kwenye nondo, bati kwenye nondo, na sauti za wanaume zikirudia neno moja tu: "Mpishi! Mpishi! Mpishi!" Na wala hawakuwa wanaitisha chakula.

Inspekta alisimama kidogo kabla ya kuingia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, na wenzake kituoni walimwita Bi Mkasi kwa tabia yake ya kukata maneno ya watu katikati. Alishaingia nyumba zenye maiti, alishakimbizwa na watu wenye mapanga, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Lakini kelele za zile sahani zilimkawiza pale langoni. Aliogopa, ndiyo, na nani asingeogopa?

Mkuu wa gereza alimpokea ofisini. Viatu vyake viling'aa, kama kawaida yake. Uso ndio ulikuwa umempauka.

"Inspekta, kesi hii imeshajimaliza yenyewe," alisema. "Wewe kazi yako ni kuandika tu. Watatu wamekufa kwa homa, na wengine wamelala zahanati wanaweweseka. Hospitali wameniambia kwa simu ni taifodi. Taifodi inapita wapi? Kwenye maji na chakula. Chakula anapika nani? Halafu juzi tumepekua stoo ya jiko, tukakuta sumu ya panya nyuma ya gunia la maharage!"

"Taifodi au sumu? Chagua moja."

"Vyote! Mtu akiamua ubaya atashindwa na nini? Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta. Yule mpishi nimemlea kama mdogo wangu."

"Awaue kwa sababu gani?"

"Walimzomea. Walisema maharage yake yana mawe."

"Mpishi akizomewa akaua, nchi ingebaki na watu?"

Mkuu hakucheka. Alieleza kwamba jana mpishi alifikishwa mahakamani, hakimu akaagiza arudishwe rumande humu humu mpaka uchunguzi ukamilike. Tatizo lilikuwa nafasi. Selo za mtu mmoja mmoja zilishajaa wagonjwa, kwa hiyo mchana huu, wenzake wakishamaliza kula, mpishi angehamishiwa selo kubwa.

"Selo kubwa? Ile inayopiga sahani?"

"Sina nyingine. Labda unikopeshe chumba chako cha kulala."

"Mkuu, watamuua."

Mkuu aligeukia dirishani, akajifanya kutazama uwanja. "Basi nipe sababu ya kutompeleka," alisema. "Sababu ninayoweza kuisimamia. Huruma peke yake haiendeshi gereza."

Mpishi alikuwa amefungiwa kwenye kighala karibu na lango, chumba cha mafagio na ndoo. Alikuwa mtu wa mwili, mikono minene yenye alama za kuungua, macho mekundu ya kulia. Upepo wa milimani ulikuwa unapenya chini ya mlango na meno yake yaligongana. Kwenye ndoo iliyofunikwa palikuwa na koti jeusi la suti, zito, la saizi yake. Inspekta aliliokota, kwanza akamvisha juu ya mabega, akamfunga kifungo cha juu tu, maana yule bwana mikono yake ilikuwa na pingu. Ndipo akavuta ndoo akakaa, magoti yakikaribia kugusana.

"Sumu ya panya ni ya nani?"

"Ya panya, mama."

"Unanitania?"

"Nithubutu wapi, mama yangu! Nimeileta mimi mwenyewe, panya walikuwa wanamaliza unga. Ningekuwa na nia mbaya ningeiweka nyuma ya gunia langu mwenyewe, si ningeitupa chooni?"

"Anayepakua ni nani?"

"Mimi. Sufuria moja, upawa mmoja."

"Kwa hiyo ukitaka kumchagua mtu unamchagua."

Mpishi alinyamaza. Inspekta alipenda ukimya ule. Mwongo angejibu haraka.

"Naweza," alisema mwishowe. "Lakini foleni inapita mbio, mama. Mimi naona sahani na vidole, sura sizioni. Nimemuua mtu nisiyemjua hata sura?"

"Wewe unakula nini?"

"Hicho hicho. Nakomba ukoko wao wakishamaliza."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nawashwa tu, tangu jana nilipotoka mahakamani. Hiki kighala nadhani kina viroboto." Aliinua mikono yote miwili na pingu zake, akajikuna chini ya kola. Halafu machozi yakamtoka, hakujaribu kuyazuia. "Mke wangu mimba imefika mwezi wake. Mtoto azaliwe aambiwe baba yako aliua watu kwa maharage? Mama, wakinitia kule ndani sitoki. Unawasikia? Jina langu hilo wanaliimba."

Inspekta alimsikia, na alimwonea huruma. Akainuka atoke bila kumwahidi kitu. Ahadi zilikuwa nyepesi mno kutoa, na kutimiza ni shughuli nyingine.

Zahanati ya gereza ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya chuma. Koplo mmoja mzee, mwenye zamu ya pale, alimpa kitambaa cha kufunga mdomo na pua, naye akafunga chake. Wagonjwa walikuwa wamegeukia ukutani, maana mwanga uliwachoma macho. Inspekta alimfunua mmoja kifua. Madoa mekundu yalikuwa yametapakaa kwapani, kifuani, tumboni, lakini uso ulikuwa safi na viganja vilikuwa safi. Mgonjwa mwingine aliinuka ghafla, akamshika Inspekta mkono, akamwita dada, akamwambia karandinga la kwenda mahakamani limejaa moto, washuke upesi. Kisha akaanguka kwenye mto akawa anazungumza na mtu asiyekuwepo. Inspekta alijinasua.

"Hawa wanatoka selo moja?" aliuliza.

"Hapana, afande. Huku mmoja, kule mmoja. Homa hii inachagua."

"Inachagua wa namna gani?"

Koplo alifikiri. "Wasio na watu. Waliosahauliwa. Siku ya kutembelewa wao hawaitwi jina."

Hilo halikumfurahisha Inspekta hata kidogo. Mwenye ndugu huletewa chakula cha nyumbani. Asiye na ndugu hula cha gereza, kutwa mara tatu, cha mpishi. Akajiona yeye mwenyewe anamfungia yule mpishi kamba shingoni. Alikuwa ameshageuka atoke alipoona kitanda cha mwisho karibu na mlango. Aliyelala pale alikuwa na shati la kijani la askari.

"Na huyu?"

"Huyu mwenzetu wa langoni. Malaria hiyo, afande."

"Amepimwa?"

"Mkuu amesema malaria."

Inspekta alifungua vifungo vya lile shati. Madoa yale yale, mahali pale pale.

"Huyu hula chakula cha humu?"

Koplo alicheka kwa pua ndani ya kitambaa. "Huyu? Wali wake hutoka kwa mkewe, maji huja na chupa yake, hata chumvi anayo mfukoni. Tangu nimjue hajaonja upawa wa gereza. Mchoyo huyo, hampi mwenzake hata punje."

Kumbe! Inspekta alisimama pale katikati ya vitanda, akaanza kupanga. Askari hakuonja chakula cha mpishi, na ameugua. Mpishi anakomba masufuria kila siku, na ni mzima. Basi homa haikupita mdomoni. Sasa askari wa langoni na mahabusu asiye na ndugu wanakutania wapi? Mwenye ndugu huletewa chakula. Huletewa nini kingine?

"Koplo, siku ya mahakama mahabusu wanavaa nini?"

"Kila mtu na chake, afande. Ndugu zao wanawaletea shati, suruali, kiatu."

"Na asiye na ndugu?"

"Anavishwa koti la gereza. Mkuu ndiye aliyelianzisha. Anasema yeye hapeleki mtu mbele ya hakimu na matambara. Wenyewe wanaliita Koti la Huruma. Karandinga likirudi analivua, linaning'inizwa langoni, linangoja mwingine."

"Nani anawavisha?"

Koplo alitazama kitanda cha mwisho. Kitambaa chake kilitulia mdomoni, akaacha kupumua kidogo.

"Huyu," alisema. "Na siku za baridi analivaa mwenyewe. Huwa tunamcheka."

Inspekta alirudi ofisini kwa mkuu nusu anatembea nusu anakimbia. Bado hakuelewa koti linauaje. Sumu kwenye kitambaa? Alinyanyua simu bila kuomba ruhusa, akampigia daktari wa hospitali kuu, mzee aliyemfahamu kwa kesi nyingi za maiti.

"Daktari, taifodi inaweza kukaa kwenye nguo?"

"Taifodi?" Sauti ya mzee ilipanda. "Taifodi imetoka wapi, mwanangu?"

"Si ndiyo uliyomwambia mkuu wa gereza?"

"Mimi nilimwambia taifasi! Tai-fa-si! Homa ya chawa! Damu waliyoniletea haikuwa na shaka."

Inspekta aligeuka. Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, amesikia kila neno, maana mzee alikuwa anapiga kelele.

"Nilisikia taifodi," mkuu alisema polepole. "Simu ilikuwa inakwaruza. Taifodi kila mtu anaijua. Hiyo nyingine nani aliwahi kuisikia?"

"Wagonjwa wanapewa dawa gani?" daktari aliuliza.

"Ya taifodi," Inspekta alijibu.

Mzee aliguna kwa nguvu. "Haigusi kitu hiyo," mzee alisema. "Mungu wangu. Dawa ya taifasi ipo, na mgonjwa anaamka akiiwahi. Ninaituma sasa hivi. Lakini nisikilize, mwanangu, kwa makini."

Akamweleza, naye Inspekta kwa mara ya kwanza siku ile hakumkata mtu maneno. Ugonjwa huu ni wa kale, mzee alisema. Popote watu walipobanana kwenye baridi bila maji ya kufulia, ulikuwepo. Ulitembea na majeshi, na ziko vita ambazo chawa walizika askari wengi kuliko risasi. Ulifuata njaa, ukapanda meli na wahamiaji, ukalala kambini na wakimbizi. Na jela ndiyo nyumba yake hasa, hata zamani katika nchi fulani za baridi uliitwa homa ya jela. Huko iliwahi kutokea mahabusu wakaletwa kusomewa kesi, na baada ya majuma kadhaa hakimu akafa, na mawakili, na washauri wa baraza. Watu wakasema ni laana ya wafungwa, wengine wakasema ni harufu yao.

"Miaka na miaka watabibu hawakujua," mzee aliendelea. "Mpaka daktari mmoja akagundua kitu kidogo. Mgonjwa akiwa barabarani anaambukiza. Akiwa kwenye foleni mlangoni anaambukiza. Akishavuliwa nguo, akaogeshwa, akalazwa wodini, hamwambukizi mtu. Akajiuliza, kimebaki nini mlangoni?"

"Nguo," Inspekta alisema.

"Nguo na chawa wake. Na chawa ana adabu mbaya, mwanangu. Mwili ukichemka kwa homa, au ukipoa kwa kifo, anauhama anatafuta mwingine. Unawashwa, unajikuna, unajisugulia kinyesi chake kwenye mkwaruzo, basi. Wiki moja, mbili, uko mzima unacheka na watu. Kisha kichwa kinauma. Sisi tunasema kikulacho ki nguoni mwako tukimsema jirani, ndugu, rafiki. Aliyeisema mara ya kwanza nadhani alikuwa anamsema chawa kweli kweli."

Mkuu aliketi. Kwa kuwaonea watu haya, kwa kutaka wasimame mbele ya hakimu kama binadamu, alikuwa amewavisha mauti mmoja baada ya mwingine. Hakusema hivyo. Alisema tu, "Koti liko wapi sasa?"

Inspekta alikuwa anaitazama mikono yake. Alikumbuka lile koti la kighalani, ule uzito wa kitambaa, kola yenye ukungu wa jasho la watu, kifungo cha juu kilichokuwa kigumu. Nywele zilimsimama. Ghafla kila mahali mwilini palianza kumwasha, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko, na hakujua kama ni chawa au ni woga.

"Nimemvisha mpishi," alisema.

Hapo ndipo wote wawili walipogundua kwamba sahani zimenyamaza.

Inspekta alikimbia. Aliwahi kukimbia kuokoa mtu mmoja, lakini safari hii alikuwa anakimbilia watu asiowajua idadi, selo nzima iliyobanana bega kwa bega, blanketi juu ya blanketi. Ukumbi mrefu ulikuwa na giza la mchana. Mwisho wake askari alishaingiza ufunguo kwenye kufuli, amemshika mpishi begani kwa mkono mwingine, na kati ya nondo mikono ilikuwa imetoka, mingi, vidole vimefunguliwa, kimya kabisa. Hakuna aliyetukana. Walikuwa wanangoja.

"Usifungue!" Sauti ilimtoka Inspekta kali hata yeye hakuitambua. "Simama hapo! Mwachie huyo bega, rudi nyuma! Na nyie, rudisheni mikono yenu ndani, asiguswe!"

Askari aliruka nyuma. Mpishi alibaki peke yake mbele ya mlango, koti likining'inia mabegani, amefumba macho.

"Mwache aingie, afande," ilisema sauti nzito kutoka ndani. Huyo alikuwa nyapara wa selo, mtu mpana mwenye kovu kidevuni, ambaye askari wenyewe walimwogopa. "Tuna mazungumzo naye."

"Huyu hajaua mtu."

"Wenzetu wamejiua?"

"Wameuliwa na koti. Hilo alilovaa."

Kicheko kililipuka. Mtu alisema polisi sasa wamefika mwisho, wameanza kukamata nguo. Inspekta aliwaacha wacheke. Kisha akawaambia yote, kwa kifupi na kwa sauti kubwa: taifasi, chawa, langoni, mahakamani, yule askari mchoyo asiyekula cha gereza. Alipofika kwa askari kicheko kilikuwa kimeshakatika.

"Nani humu amewahi kulivaa na bado ni mzima?" aliuliza.

Walitazamana. Halafu nyuma kabisa, karibu na ukuta, kijisauti chembamba kikasema, "Mimi, afande. Wiki iliyopita. Leo kichwa kinanigonga."

Inspekta hatasahau walichofanya. Selo ile haikuwa na nafasi ya mtu kugeuka, lakini nafasi ilipatikana. Wanaume walisukumana, wakapandana, wakabanana kwenye nondo mpaka wengine wakalia kwa maumivu, na yule mtu akabaki peke yake kwenye duara la saruji tupu, anawatazama. Nyapara mwenyewe, aliyekuwa anataka damu dakika chache nyuma, alikuwa amebandika shavu kwenye chuma.

"Tufungulie, mama," alisema kwa kunong'ona. "Tafadhali. Nimelala naye blanketi moja."

"Mtafunguliwa uwanjani, wote, na kila mtu atavua nguo zake mwenyewe," Inspekta alisema. "Zitachemshwa mpaka mishono yake. Mtaogeshwa. Dawa iko njiani."

"Zitachemshwa kwenye nini?"

Inspekta alimtazama mpishi. Mpishi alikuwa amefumbua macho. Alijibu yeye.

"Kwenye masufuria yangu. Nifungulieni pingu hizi niwashe moto."

Kufikia alasiri moto ulikuwa unavuma uwanjani chini ya masufuria makubwa ya maharage. Mkuu alikuwa ameshakwenda kwa hakimu mwenyewe, akarudi na amri ya kumwachia mpishi, na pia na habari kwamba hakimu anatafutiwa daktari kwa tahadhari. Koti la Huruma lilikuwa la kwanza kutumbukizwa. Mpishi alilivua polepole, akalisukuma kwenye maji yanayotokota kwa mti, akalizamisha kila lilipojaribu kuelea. Foleni ya kuoga ilikuwa ndefu na yeye, aliyewasha moto, alijiweka wa mwisho. Inspekta alikuwa nyuma yake, mikono ameiweka mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika samli.

Ndipo lango dogo likafunguliwa. Mtu alikuwa amemwambia mke wa mpishi kwamba mumewe ameachiwa huru, na askari wa zamu, kwa furaha yake au kwa upumbavu wake, akampisha. Alikuja mbio, kadiri mwanamke mwenye mimba ya mwezi wake anavyoweza kukimbia, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umenyooshwa mbele.

Mpishi alimwona. Uso wake ulifunguka wote. Alipiga hatua moja, kisha akakumbuka shati lililokuwa bado mwilini mwake, akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usinisogelee!" alipiga kelele. "Baki hapo! Nakuomba, baki hapo hapo!"

Mkewe alisimama. Alimtazama mumewe, akatazama wanaume uchi waliojikunyata na mabeseni, akatazama moshi, akamtazama tena mumewe aliyekuwa anamkimbia.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Uliwaua."

"Sikumuua mtu, mke wangu. Wallahi sikumuua mtu." Machozi yalimtiririka, na kiganja chake bado kilikuwa kimeinuliwa kumzuia. "Usije tu."

Mwanamke alianza kulia kwa sauti. Inspekta aliinua mguu aende akamshike, akamkalishe chini, maana yule mama alikuwa anayumba. Kisha akaona mikono yake mwenyewe. Akabaki pale alipokuwa, akaanza kumweleza kutoka mbali, akipaza sauti kushinda maji yaliyokuwa yanachemka.